Salamu za Sikukuu ya Watakatifu Perpetua na Felista, Machi 7

Tumsifu Yesu Kristo!

Wapendwa wanajumuiya, mlio nyumbani na mlio safarini, nawasalimu katika sikukuu ya wasimamizi wetu. Heri na baraka kwa akina Perpetua na akina Felista wote. Ni Kwaresima, kwa hiyo pilau hakuna, na hata isingekuwa Kwaresima, bei ya mchele na mafuta mnaijua wenyewe. Tutasali, tutakunywa chai, inatosha.

Kila mwaka nawasimulia habari za uwanja wa Karthago, Afrika Kaskazini, walikouawa kwa ajili ya imani yao mwaka 203: yule ng'ombe mkali, upanga, na Perpetua akiuongoza mwenyewe mkono wa muuaji hadi kooni pake. Safari hii nimeshindwa kufika uwanjani, nimebaki nao gerezani walikofungwa kabla ya kuuawa. Perpetua ana miaka 22 hivi na mtoto wa kunyonya. Ameandika kwa mkono wake kwamba mtoto alishadhoofu kwa njaa, na siku walipomruhusu kukaa naye, gereza likawa ikulu kwake. Felista, mtumwa, ana mimba ya miezi minane. Sheria haikuruhusu mjamzito auawe, naye akahuzunika asije akaachwa nyuma na wenzake. Wakamwombea, uchungu ukamshika. Mlinzi mmoja akamdhihaki: ukilia hivi leo, mbele ya wanyama itakuwaje? Akamjibu kwamba ya leo anateseka mwenyewe, lakini siku ile atakuwamo mwingine ndani yake, ndiye Kristo, wa kuteseka kwa ajili yake. Akajifungua mtoto wa kike. Dada mmoja akamchukua, akamlea kama binti yake.

Hapo ndipo ninapokwama. Mnajua yaliyotufika Septemba. Mdogo wangu alikwenda kujifungua akiwa anacheka, tukarudi na mtoto bila mama. Tangu hapo kopo la maziwa napandishiwa bei kila ninapokwenda dukani, na usiku nikiamka kukoroga namuwaza yule dada. Jina lake hatukuachiwa. Hana sikukuu wala sanamu. Lakini usiku lazima aliamka.

Ndugu zangu, Kwaresima hii tusihesabu tu siku tulizoacha nyama. Turubai la msiba likishakunjwa, ndipo mtoto anapoanza kuhitaji watu. Hapa hapa mtaani kuna mabibi wanaolea wajukuu kwa kuuza mchicha, nasi tunapita tukiwaambia "Mungu yupo". Yupo ndiyo, na ametupa mikono! Mwenye kilo ya sukari apeleke nusu. Mwenye sabuni apeleke kipande. Asiye na kitu akashike mtoto saa moja, mama wa watu alale. Akina baba nanyi msijitoe: mzee wa Perpetua, ambaye hata Mkristo hakuwa, alimbusu binti yake mikono akilia, na mjukuu alibaki kwake. Tukiwaheshimu mashahidi kwa nyimbo tu huku watoto wao wanalala njaa, tumewaheshimu nini?

Nawatakieni mfungo mwema, afya na amani majumbani mwenu, na Pasaka itukute sote wazima. Marehemu wetu wapumzike kwa amani.

Mtoto atabatizwa Mkesha wa Pasaka kwa jina la mama yake, Felista. Mama wa ubatizo bado hatujampata. Atakayeguswa aniambie Jumamosi jumuiyani.