Barua kwa mwanangu anayehamia Eastleigh

Mwanangu Idrisa,

Assalaam alaykum. Nimesikia chumba umekipata Eastleigh, huko Nairobi, na hukuniambia mwenyewe.

Mtaa huo una Wasomali wengi. Aprili 2014, kwenye Usalama Watch, operesheni ya polisi wa Kenya dhidi ya ugaidi, maelfu walikamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuhakikiwa vitambulisho. Msiba wa Wakenya siudharau: magaidi waliua watu 67 kwenye jengo la maduka la Westgate 2013, na 148 kwenye chuo kikuu cha Garissa 2015, wengi wao wanafunzi kama wewe. Kwa hiyo mlinzi akitaka kukagua begi mlangoni, lifungue na umsalimie. Ubishi wako uache nyumbani.

Kituo cha polisi ni mambo mengine. Ibara ya 49 ya Katiba yao inataka uelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa, uruhusiwe kunyamaza, uwasiliane na wakili, ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama, inasogezwa siku ya kazi inayofuata. Ukikamatwa Ijumaa jioni, hesabu Jumatatu. Wakiita ugaidi, sheria yao ya ugaidi ya 2012 inamruhusu hakimu kuongeza muda wa mahabusu, siku 30 kwa mara moja, jumla zisizidi 90. Siku hizo zisiombwe wakili wako hayupo.

Ndiyo maana nasema saa ya kwanza: jina la kituo na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, vitufikie. Bila namba hiyo wakili atazungushwa kituo hadi kituo. Simu huchukuliwa mapema, kwa hiyo namba ya wakili na ya mjomba wako ziandike kwenye karatasi, ukae nayo mfukoni pamoja na nakala ya pasipoti.

Na usisaini, baba. Maelezo omba uyasome mwenyewe, kurasa zote. Neno ambalo hukulisema likatwe, uweke herufi za jina lako pembeni. Nafasi tupu ipigwe mstari. Kukiri mbele ya polisi hakusimami mahakamani kama aliyeandika ni mpelelezi wa kesi, au kama mtu uliyemchagua wewe hakuwepo. Mahakama zao husikiliza: Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane vya sheria ya usalama ya 2014, kikiwemo cha kuwawekea wakimbizi kikomo cha 150,000. Lakini saini yako wewe ukishaiweka, kuiondoa ni kazi ngumu.

Laini usimsajilie rafiki kwa pasipoti yako. Piga *106# uone zilizo kwa jina lako. Pesa ya usiyemjua usiipokee ukaituma mbele. Na tabia yako ya kusambaza klipu usizozisikiliza mpaka mwisho! Nimekusema tangu Ramadhani.

Ile kauli yangu ya kunyoa ndevu na kuacha kanzu, usiishike. Kanzu nimeipiga pasi, nitaituma. Nafasi hiyo ya chuo umeipata kwa jasho lako, na Pasua nzima wanajua, maana baba yako hanyamazi.

Mdogo wako ameshahamia kitandani kwako. Bati la jikoni bado linavuja. Ufunguo wa stoo umeondoka nao. Mpe kondakta wa basi la Jumamosi, baba yako atampokea stendi. Mahindi yote yamo humo, na pumba ya kuku imebaki ya siku mbili.

Mama yako