Mlio unaopanda na kushuka

Ndugu yangu Shabani,

Salamu kwako na kwa shemeji. Umeniambia ile mashine ya kukatia nyasi inawaka kwa shida, ikishawaka mlio unapanda na kushuka, na ukirudisha choki (kile kibamba cha kupunguza hewa wakati wa kuwasha) inazima. Usikubali kuuziwa kabureta mpya, yaani kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, kabla hujasoma barua hii.

Hiyo injini inakosa petroli. Petroli ikipungua, mzunguko unashuka. Gavana, ile inayosawazisha kasi ya injini, inafungua kipepeo cha kabureta, yaani kibamba cha kupitisha mchanganyiko. Injini inachachamaa, gavana inafunga, inazama tena. Wengi wakisikia hivyo hukimbilia kukunja springi za gavana. Usiziguse kabisa, hazina kosa.

Jaribu kwanza: iwashe, kisha vuta choki nusu. Mlio ukitulia, hewa imezidi petroli. Sikiliza pia ikiingia kwenye nyasi nzito. Ikikaa sawa huko na kuhangaika ikiwa haina mzigo, mhalifu ni jeti ndogo, yaani kitundu cha petroli cha injini inapozunguka bila mzigo. Bila mzigo kipepeo kiko karibu kufungwa hata kama kisu kinazunguka kwa kasi, na petroli nyingi hupita kwenye hiyo jeti ndogo.

Mwaga petroli yote ya zamani. Ikikaa tangini zaidi ya mwezi huanza kuchakaa na kuacha utando unaoziba matundu. Weka mpya, tena tupu: injini yako, Honda GCV160, ni ya mipigo minne, petroli yake haichanganywi oili kama ya msumeno wa injini. Oili yake ni 10W-30, kama lita 0.55, na inakaa chini peke yake.

Sasa kabureta. Chomoa waya wa plagi, funga koki ya petroli, toa kasha la chujio la hewa. Kabla ya kuchomoa springi na gasketi (zile karatasi za kuziba maungio), zipige picha. Ukizipanga ovyo baadaye utatafuta ugonjwa mwingine. Spana namba 10 inatosha kwa nati za kabureta na kwa bolti ya bakuli, kile kikombe cha petroli chini ya kabureta. Angalia ndani ya bakuli: matone yanayoviringika chini ni maji. Jeti kubwa iko katikati, ifungue kwa bisibisi bapa inayoenea vizuri, maana shaba yake ni laini. Jeti ndogo imejificha juu, chini ya skrubu ya plastiki ya kurekebishia kipepeo. Toa skrubu, kisha ing'oe polepole. Ni ya plastiki na ina mpira mdogo wa duara, usiupoteze.

Iinue uitazame kwenye mwanga. Usipoona nukta nyeupe, imeziba. Pitisha uzi mmoja tu wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Sindano ya chuma itapanua tundu na kukuletea moshi mweusi. Puliza dawa ya kabureta kwenye kila njia, halafu upepo wa kompresa. Vaa miwani, dawa hiyo hurudi usoni.

Ukirudisha kila kitu na bado inahangaika, nyunyizia maji kidogo kwenye maungio ya kabureta na injini. Mlio ukibadilika, gasketi inavuta hewa.

Ikizima baada ya dakika kumi hivi, legeza kifuniko cha tangi. Ikiendelea vizuri, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Plagi ni BPR6ES, nafasi milimita 0.7 hadi 0.8, nadhani siyo tatizo lako, ila ni rahisi kuitazama.

Nikuulize: kisu kiligonga jiwe au kisiki karibuni? Kamba ikikupokonya mkono unapovuta, huenda kii ya flaiwili (kile kipande kidogo kinachoshika gurudumu zito la injini mahali pake) imekatika na cheche ya plagi inatoka wakati usio wake. Hapo kusafisha kabureta ni kazi bure. Kaza na bolti ya kisu pia, kwa sababu injini hii hutegemea uzito wa kisu kuzunguka sawasawa. Kisu kikilegea, inapiga teke na kukataa kuwaka.

Ukiilaza kukagua kisu, upande wa kabureta na chujio uwe juu. Vinginevyo oili itaingia kwenye chujio, na utaniandikia tena kuhusu moshi mweupe.

Nitumie picha ya hiyo jeti ukishaitoa.

Wako,
Idi