Kutusomea Kiingereza si kutushirikisha

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu enzi za baraza la manispaa na sijapata kukuandikia hata mstari mmoja. Lakini ile taarifa yenu ya wiki iliyopita, kwamba sisi wakazi wa Mombasa hatuendi kwenye vikao vya maoni ya bajeti ya kaunti kwa kuwa hatujali, imenikaa rohoni na siwezi kuinyamazia.

Mimi nilikwenda. Napika mahamri na mbaazi huku Kisauni, na saa za asubuhi ndizo riziki yangu. Siku ile nilizima jiko mapema nikapanda matatu, maana kikao hakikuwa mtaani kwetu, na habari yenyewe niliipata kwa jirani siku moja kabla. Hata hatujakaa sawasawa, karatasi ya mahudhurio ishaanza kuzunguka: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Tukatia sahihi. Kisha kijana mmoja akafungua kitabu kinene, nakala moja ukumbi mzima, akaanza kutusomea kwa Kiingereza. Mzee mmoja, umri wa babangu, akasimama kofia i mkononi, akasema, "Mwanangu, tufasirie basi." Akajibiwa kwamba mambo yale ni ya kitaalamu, hayana Kiswahili chake. Mzee akaketi, akaikunja kofia mara mbili, hakufungua mdomo tena mpaka mwisho. Tukagawiwa maji ya chupa na keki, tukatawanyika. Na zile sahihi ndizo zitakazotolewa kesho kuthibitisha kuwa wananchi walishirikishwa!

Hayana Kiswahili chake, Mombasa hii? Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 chasema Kiswahili ndicho lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 174 chasema ugatuzi umeletwa ili wananchi wajitawale na washiriki katika maamuzi yanayowahusu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yataka tupewe habari na nyaraka kwa wakati. Makadirio ya bajeti hupaswa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Tarehe hizi zinajulikana mwaka mzima. Kwa nini basi sisi tuambiwe zimebaki saa chache, halafu mtuandike gazetini kuwa hatujali?

Mimi nilikuwa na swali langu, la mtaro. Kila masika mtaro wa nyuma ya nyumba zetu hufurika na uchafu wa vyoo ukaingia kisimani. Nilitaka kujua kama umo ndani ya kile kitabu, na kama umo, umetengewa pesa ngapi.

Na maji yenyewe ni kisa kingine. Mombasa haina chanzo chake kikubwa cha maji: twategemea Mzima huko Taita Taveta, Baricho iliyoko Kilifi, Marere na Tiwi za Kwale. Kaunti tatu nyingine ndizo zatunywesha, kwa hivyo hili halitatuliwi na gavana mmoja katika muhula wake. Lataka viongozi wa kaunti zote nne waketi pamoja na kupanga ya wajukuu. Kwa sasa mfereji wangu hutoa upepo. Maji ya kisima ni ya chumvi, na mahamri hayakandwi kwa maji ya chumvi, basi kila siku nanunua mitungi minne ya maji matamu kwa wa mkokoteni.

Ombi langu ni dogo. Kila wadi ichapishiwe karatasi moja, upande mmoja, Kiswahili, herufi kubwa: kazi gani, mtaa gani, shilingi ngapi, itaanza mwezi gani. Ibandikwe wiki mbili kabla ya kikao, kwenye milango ya misikiti na makanisa, steji za matatu na visimani. Kikao kiwe Jumapili baada ya alasiri, mtaani. Karatasi ya sahihi itolewe mwisho, iwe na safu mbili: "Nimeelewa" na "Sikuelewa", na hizo za pili zihesabiwe na kupelekwa bunge la kaunti pamoja na bajeti.

Yangu nileteeni hapa. Nitaibandika mwenyewe ukutani juu ya karai, wanaposimama watu kungojea mahamri.

Mama Mahamri,
Kisauni, Mombasa