Pikapu ya shamba ipimwe na kwenye lami

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa wasomaji ambao wamekuwa wakishauriana ni pikapu ipi inamfaa mtu anayelima au kufanya biashara mbali na barabara kuu. Karibu wote wamezungumzia tope, milima na makorongo, kisha wakaipa ushindi ile iliyo ngumu kuliko zote. Sina ugomvi na ugumu, maana huku kwetu Njombe mvua zikianza hazina mzaha. Ninachopinga ni kumchagulia mtu gari kwa kutazama kilometa chache zilizo mbaya kupita zote, huku tukisahau mamia ya kilometa za lami ambazo gari hilohilo litazipita kila linapopeleka mzigo sokoni.

Chukua mkulima wa parachichi aliye jirani na Makambako. Kutoka shambani hadi barabara kuu kuna kipande kifupi cha utelezi, ambacho kwa kweli kinahitaji gari lenye fowili, yaani linalosukumwa na magurudumu yote manne. Baada ya hapo ni lami tupu: Mafinga, Iringa, mteremko wa Kitonga, matuta ya ndani ya Hifadhi ya Mikumi, Morogoro, mpaka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 600. Pikapu inayopanda korongo bila kusita lakini inamtikisa dereva kutwa nzima humfikisha mjini akiwa hoi, na kesho yake anatakiwa kurudi.

Siri kubwa iko kwenye springi za nyuma. Pikapu nyingi zimefungwa springi za mabamba ya chuma, yaliyolazwa moja juu ya jingine na kubanwa kwenye ekseli. Mpango huo ni wa kuaminika, fundi yeyote anaumudu, na bamba likikatika hata mjini Njombe utapata jingine. Tatizo ni kwamba mabamba hayo yamepimwa kwa ajili ya mzigo unaokaribia tani moja. Gari likiwa tupu hayapindi inavyopaswa, kwa hiyo kila tuta hurusha mkia juu, na kwenye kona yenye viraka vya lami magurudumu ya nyuma hurukaruka kuelekea pembeni. Wapo wanaotupia mifuko ya mchanga nyuma ili gari litulie. Inasaidia kiasi, lakini mfuko usiofungwa ni hatari siku ya kufunga breki ghafla. Mzigo mwepesi nao huumia. Parachichi lililogongwagongwa ndani ya kreti halionyeshi kitu siku ya kushushwa. Doa jeusi hujitokeza tunda linapoiva, likiwa tayari mikononi mwa mnunuzi, na lawama humrudia mkulima.

Ndiyo maana sikubaliani na waliosema pikapu ya Toyota Land Cruiser 79 ndiyo jibu la kila mtu. Ni gari la heshima, na kwa anayebeba mzigo mzito kila siku kwenye njia isiyo na lami sijaona linaloishinda. Lakini mbele na nyuma ina ekseli nzima, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili, hivyo gurudumu moja likiingia shimoni na la upande wa pili linasikia. Springi za nyuma ni za mabamba magumu, na injini yake ya dizeli ya lita 4.2 ambayo tumeizoea haina tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa ili iongeze nguvu), jambo linalodhihirika mara unapoanza kuupanda Kitonga ukiwa na mzigo. Hilux ya toleo la 2015 ni ya kati: mbele kila gurudumu lina mwendo wake, na springi za nyuma, ingawa bado ni za mabamba, zilirefushwa ili zilainike. Ikiwa na mzigo wa wastani inakwenda vizuri sana kwenye lami. Ikiwa tupu, bado inakukumbusha kwamba ni gari la kazi.

Nissan Navara ya kebini mbili, ile iliyotoka mwaka 2014, ilifuata njia nyingine kwa kuweka nyuma springi za koili, yaani za chuma kilichozungushwa, na tofauti unaihisi kwenye tuta la kwanza. Ulaini huo una gharama yake. Huko Australia wateja walilalamika kwamba nyuma inazama ikibebeshwa mzigo mzito, na kampuni ikalazimika kuzibadilisha springi hizo. Ford Ranger Raptor nayo ina koili nyuma na shokapu za hali ya juu, na sijui pikapu nyingine ya ukubwa huo inayopita barabara mbovu kwa kasi na utulivu kama ile, lakini uwezo wake wa kubeba ni mdogo kuliko wa Ranger ya kawaida. Kwa mkulima wa viazi huo ni ununuzi wa kujifurahisha tu.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa. Pikapu nyingi za fowili haziruhusu magurudumu yote manne kusukuma kwenye lami kavu, kwa sababu hazina difu ya katikati ya kuruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona. Ukilazimisha, usukani unakuwa mzito, tairi zinalika na gia zinaumia. Mitsubishi L200 zenye mfumo wa Super Select zinayo difu hiyo, hivyo dereva anaweza kutumia magurudumu manne hata kwenye lami. Kwa anayepita milima yetu wakati wa mvua za manyunyu, lami ikibadilika kila baada ya kona kati ya kavu na maji, hiyo ni faida ya kweli.

Kuhusu tairi sitasema mengi. Zile za tope zenye vipande vikubwa huvuma kwenye lami na hazishiki vizuri barabara iliyolowa. Mtu anayetumia lami zaidi achague za mchanganyiko, zinazofaa lami na vumbi. Upepo ujazwe kwa kufuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kinachoonyesha kiasi kinachotakiwa, na si kwa mazoea ya kijana wa pampu ambaye hujaza pikapu zote sawasawa hadi zinakuwa ngumu kama jiwe.

Anayenunua gari lililotumika na ainame chini ya bodi kabla ya kujadili bei. Ahesabu mabamba ya springi upande wa kushoto na kulia. Wamiliki wengi huongeza bamba ili wabebe zaidi, na lililoongezwa mara nyingi hujulikana kwa kutu yake isiyofanana na ya wenzake. Gari la namna hiyo halitatulia kwenye lami hata ukilifunga shokapu mpya. Aangalie pia kama shokapu zinavuja mafuta na kama bushi (mipira ya kwenye viungio) zimepasuka. Kisha alijaribu likiwa tupu, kwenye barabara yenye matuta na viraka, yeye mwenyewe akiwa amekaa kiti cha nyuma na mtu mwingine akiendesha, kwa sababu katika kebini mbili kiti cha nyuma ndicho kilicho karibu zaidi na ekseli ya nyuma, na ndipo familia itakapokaa.

Wauzaji wa pikapu mpya nao ningewaomba, kupitia safu hii, wamruhusu mteja alijaribu gari likiwa na mifuko kumi ya saruji nyuma, badala ya kumzungusha mtaa mmoja wenye lami nyororo na kumrudisha ofisini kusaini karatasi.

Msomaji wako,
Makambako, Njombe