Stili waya iache jikoni

Moshi, Soweto
9 Novemba

Ndugu yangu Elibariki,

Shikamoo zangu kwa mama. Huku tu wazima, ila mlima haujafunuka wiki nzima.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Hiyo habari ya kununua stili waya ili uyatoe mavi ya kunguru kwenye boneti imenitia hofu. Tafadhali, iache jikoni isugue masufuria.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Mwaka jana niliacha gari siku tatu chini ya mjakaranda. Nikakuta doa kama sarafu ya shilingi mia, limekauka, kingo zimepasuka. Nikalikwangua kwa ukucha, nikamalizia kwa sponji kavu. Likatoka. Kesho yake jua lilipopiga nikaona duara la mikwaruzo pale pale, na katikati rangi imefifia. Fundi rangi akapapasa kwa kidole, akasema klia, ile rangi angavu ya juu inayoikinga rangi yenyewe, imeliwa, polishi haitasaidia. Niliumia sana, maana gari lile nalipenda.

Mavi ya ndege yana asidi, na ndani yake mna chembe za mchanga na mbegu. Ukisugua pakavu, unaipitishia rangi msasa. Jua nalo huilainisha klia, ikipoa inajikaza kwa kulifuata umbo la doa. Ndiyo maana kuliacha doa hata siku moja ni nyingi.

Subiri jioni bodi ipoe. Chovya kitambaa cha pamba kwenye maji ya uvuguvugu yenye shampuu ya gari, ukilaze juu ya doa dakika kumi. Kikianza kukauka, kiloweshe tena. Kisha liinue doa taratibu, usilisugue. Likigoma, rudia hata mara tatu. Mimi la mlangoni lilinichukua jioni mbili.

Utomvu wa miti unataka spiriti kidogo, lami mafuta ya taa. Jaribu kwanza mahali pa kujificha, na ukimaliza osha kwa sabuni papo hapo. Na maji yenu ya Arusha yana madini, usiache gari likauke lenyewe juani. Zile alama nyeupe zitoe kwa siki uliyoichanganya na maji nusu kwa nusu, kisha suuza.

Jumamosi ijayo nakuja huko Njiro na kopo langu la nta. Lile doa la karibu na kioo usiliguse mpaka nifike.

Wako,
Godi