Taarifa ya mwaka: picha ya Msiri ambayo haikuwa ya Msiri

Bandugu memba, bapapa na bamama walimu, jambo kwenu wote wa chama chetu cha kufundisha historia ya Katanga hapa Lubumbashi.

Najua mnapenda taarifa fupi, na ile ya mwaka jana mlisema mwenyekiti alilalia mikrofoni, lakini mwaka huu mambo yamekuwa mingi na kosa kubwa kuliko yote ni yangu mwenyewe, kwa hiyo naanza na hilo kabla mtu hajaniuliza hapa mbele ya wageni.

Mnakumbuka mwezi wa kumi nilituma kwenye grupu ya WhatsApp picha ya Msiri, mfalme wa Garenganze, huku Katanga ya zamani, mzee mwenye ndevu nyeupe na kilemba kizuri. Nikaandika: printini, bandikeni ukutani. Shule 3 zikaprinti kwa rangi, tena kubwa, pesa ya chama hiyo. Halafu mtoto mmoja wa kike kule Ruashi, wa mwaka wa saba, akamwuliza mwalimu wake, mbona Msiri amevaa sawa mtu wa Zanzibar? Mwalimu akamwambia kaa chini. Akakaa, lakini jioni akachukua telefone ya kaka yake akatafuta kwa kutumia picha yenyewe, siyo jina, na kumbe yule mzee ni Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyekufa Zanzibar 1905! Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, hakutawala hata siku moja. Mwalimu akanipigia simu saa tatu ya usiku, hata hakunisalimia.

Nilikuwa nimeiokota ile picha mahali ambapo hata leo sipakumbuki, na hapo ndipo shida ilipo. Toka siku ile komite ikakubali kwamba picha isiyo na cheti cha kuzaliwa haiingii darasani: nani aliipiga ao aliichora, mwaka gani, na leo inalala wapi. Kama hatujui, tunaiacha, hata iwe nzuri namna gani. Mabango 2 yalitolewa ukutani, ile ya tatu tumeiacha makusudi kwenye ile shule ya Ruashi na watoto wameandika chini yake kwa kalamu ya feltri "Huyu si Msiri". Inafundisha kuliko mabango yetu mengine yote.

Sasa tuje kwa kazi. Wakati tunaanzisha chama shida yetu ilikuwa moja, mtoto wa Katuba anakusomea mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 bila kukwama, halafu kila siku anapita chini ya terili, ule mlima wa takataka za shaba, na ile cheminée, bomba la moshi la kampuni ya madini Gécamines, na hajui nani alizijenga, wala kwa nini reli ilifika hapa 1910 ikitokea upande wa Rhodesia na siyo upande wa Kinshasa. Vitabu vya kwetu ni vichache, na vile viko kwenye armoire ya prefe, mkuu wa shule. Intaneti iko na vitu mingi juu ya Katanga, mingi kupita tulivyofikiri, lakini karibu vyote viliandikwa na wageni ambao walipita hapa wakiwa na bunduki, Biblia ao mkataba wa madini. Kwa hiyo kazi ya mwaka huu haikuwa kuwaonyesha watoto intaneti, ile wanaijua kutushinda, ilikuwa kuwazoeza waulize maandishi: wewe unatoka wapi, na ulikuja kufanya nini huku?

Mfano mzuri ni kifo cha Msiri, safari hii Msiri mwenyewe. Aliuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891 na Bodson, afisa wa ule msafara wa Stairs uliotumwa na mfalme Leopold wa Ubelgiji, na Bodson naye akafia palepale. Daktari wa msafara, Joseph Moloney, aliandika kitabu kilichotoka 1893, kiko bure kwenye Internet Archive, ni Kiingereza lakini tulitafsiri kurasa chache. Tukawapa watoto zile kurasa pamoja na namna Bayeke wenyewe, watu wa Msiri, wanavyosimulia, tukawaambia wapige mstari chini ya kila sentensi ambayo mwandishi anajisifu. Kurasa zilijaa wino. Juu ya kichwa cha Msiri, ambacho wazungu walikikata, kwenye intaneti kuna hadithi sijui ngapi kila moja na nchi yake, na mwalimu mmoja (hatumtaji, ananiangalia sasa) alikuwa ameshachagua ile anayoipenda na kuiandika ubaoni kama ukweli. Tulimwomba aifute.

Lakini kitu kilichobadilisha mwaka wetu ni Archives of Popular Swahili, saiti moja ya intaneti. Wengine hapa bado hamjaifungua, nawajua. Mle ndani kuna maandishi na mazungumzo ya watu wa mji huu huu, kwa Kiswahili yetu hii ya Lubumbashi, siyo ile safi ya redio. Kuna ile Vocabulaire de ville de Elisabethville (jina la zamani la mji huu) ambayo André Yav aliitunga 1965 kwa ajili ya wale waliokuwa maboyi na wapishi wa wazungu, na ni historia nzima ya mji inavyoonekana kutoka jikoni. Imeandikwa bila nukta, maneno yamekatwa hovyo, ukiisoma kimya huelewi kitu. Johannes Fabian, mtafiti aliyeitoa tena 1990, ilibidi mtu amsomee kwa sauti ndiyo aanze kuelewa, na sisi tukafanya hivyohivyo: mtoto mmoja anasimama anasoma kwa nguvu, wengine wanafunga macho. Mstari wa tatu darasa zima likapasuka kicheko, mmoja akasema "mwalimu, huyu anaongea sawa kambo yangu!", yaani babu yake. Miaka ishirini nafundisha sijaona darasa la historia likicheka kwa sababu limeelewa.

Mle mle kuna mazungumzo ya Tshibumba Kanda Matulu, yule mchoraji aliyechora historia yote ya Kongo kwa picha zaidi ya mia moja mnamo 1973 na 1974. Picha ziko Amsterdam, maneno yake yako online. Nitarudi kwake.

Upande wa mashine nitapita haraka. Rezo, yaani mtandao, mnaijua, kuran, yaani umeme, mnaijua. Tulichofanya ni kupakua usiku mega, yaani data ya intaneti, zikiwa na bei ya chini, tunaweka Wikipedia ya Kifaransa ndani ya Kiwix, ile programu inayosoma bila intaneti, halafu tunagawa kwa flashi. Inaenda vizuri. Tableti je? Shule moja ilizifungia kabatini toka mwezi wa kwanza kwa kuogopa zisiharibike, na kweli hazijaharibika, bado ziko na ile plastiki ya dukani! Mwaka ujao tunapendelea flashi na telefone za walimu wenyewe.

Nisisahau lukasa. Mwalimu wetu mwenye asili ya Kamina alionyesha darasa lake picha ya lukasa iliyo kwenye saiti ya Brooklyn Museum, ule ubao wa Baluba wenye shanga ambao bana balute walikuwa wanaupapasa na vidole wakisimulia wafalme na safari zao. Akawaeleza kwamba hii ndiyo flashi ya bankambo, tofauti yake bila mtu aliyefundishwa kuisoma haifunguki. Watoto wakatengeneza za kwao kwa karton na vifungo vya mashati, kila mmoja ya familia yake. Kijana mmoja akaweka kifungo cheusi pembeni kabisa na akakataa kusema ni nani. Mwalimu hakumlazimisha, na alifanya vema.

Sasa jambo ambalo linaniuma. Mnajua tulikuwa tunaandaa somo la mgomo wa Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ile ya Desemba 1941, vita vya dunia viko moto, shaba ya Katanga inatakiwa sana, bei za vitu zimepanda na mishahara imelala. Tarehe 9 Desemba askari walipiga risasi wafanyakazi kwenye uwanja wa mpira hapa mjini, na Léonard Mpoyi, karani aliyekuwa anawasemea wenzake, akauawa. Ukitafuta hesabu ya wafu kila karatasi iko na yake, ya serikali ni ndogo, ya wazee ni kubwa. Tukasema basi twende kwa wazee. Kamalondo tukapata mzee mmoja ambaye wakati ule alikuwa mtoto mdogo na baba yake alikuwa mfanyakazi wa kampuni. Alitupa saa mbili nzima, alikumbuka sauti, alikumbuka mama yake alivyowafungia ndani na kuwawekea vitambaa mdomoni wasilie. Tulirekodi kwa telefone moja. Siku ya pili ile telefone ikaibiwa ndani ya basi, hakuna kopi, hakuna kitu. Tukamwendea tena kumwomba, akacheka akasema rudini baada ya Pasaka, nimechoka kidogo. Baada ya Pasaka tulienda kwa matanga.

Mimi na katibu tuliandika yale tuliyokumbuka, kurasa 4, na juu tumeandika wazi kwamba ni kumbukumbu yetu ya kumbukumbu yake. Sitaki mtu aje siku moja ayatumie kama maneno ya mzee mwenyewe. Na toka hapo, anayerekodi anatuma kopi kwa watu wawili kabla hajatoka kwenye kiwanja cha mwenye kusimulia, kama hana mega chama kinamlipia, hata kama mweka hazina atanuna.

Kuhusu 1960, mwaka Katanga ilipojitenga na Kongo, mlisikia kelele, nieleze vile ilivyokuwa. Tuligawa darasa la humanités, yaani sekondari, vikundi vitatu. Wa kwanza walipewa tangazo la kujitenga la Tshombe, kiongozi wa Katanga, la 11 Julai 1960, wa pili maazimio ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lile namba 161 la Februari 1961 na namba 169 la Novemba mwaka uleule, yote yako bure kwenye saiti ya UN, na wa tatu walipewa picha za Tshibumba pamoja na maneno yake, kutia ile ya kifo cha Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, yenye misalaba mitatu nyuma. Kazi yao ilikuwa kusema kila mmoja anataka tuamini nini. Baba mmoja alikuja shuleni na hasira, mtoto wake asifundishwe kumtukana Tshombe. Prefe badala ya kumfukuza akampa kiti nyuma ya darasa. Alikaa saa nzima. Ilipofika ile picha ya misalaba akasimama, akasema baba yake alikuwa jandarme wa Katanga, yaani askari wa Tshombe, na nyumbani jina la Lumumba halikutajwa, halafu akawaomba watoto ruhusa aondoke. Wiki ileile kwenye geti alisimama mama mwingine, yeye hakutaka Tshombe atajwe kabisa. Naye akapewa kiti, hakukikubali.

Juu ya 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na hapa, komite imeamua tusiguse kwanza. Sababu naielewa, kwenye benchi moja wanakaa wajukuu wa pande zote mbili, na kwenye mitandao mambo yale yamejaa matusi kuliko ushahidi. Lakini mimi nilipiga kura ya kukataa na nataka iandikwe hivyo, kwa sababu watoto wanasoma yale matusi tayari, peke yao, usiku, bila mwalimu. Nitalirudisha mezani mwaka ujao.

Wikipedia ya Kiswahili: makala ya Lubumbashi kule ni fupi ukilinganisha na ile ya Kifaransa, ni haya kwa mji unaoongea Kiswahili namna hii. Wanafunzi wakubwa wameanza kuandaa nyongeza, juu ya Kamalondo, juu ya jina la mji kugeuka toka Elisabethville 1966, juu ya Shinkolobwe, ule mgodi uliotoa uranium ya bomu ya Hiroshima. Hakuna kuweka kitu bila chanzo. Kuna ubishi kama waandike sanifu ao Kiswahili yetu, nimewaambia kule ni sanifu, ila mazungumzo ya wazee yaandikwe vile yalivyotamkwa, mtu asinisahihishie mzee.

Pesa, mweka hazina atasoma mwenyewe, mimi nasema tu kwamba waliolipa cotisation, mchango wa chama, hawafiki nusu na waliokunywa fanta ya chama kwenye sherehe walifika wote.

Asante kwa prefe waliotufungulia milango, na kwa yule mtoto wa Ruashi, ambaye komite imemnunulia dictionnaire na nitampelekea mwenyewe. Mwalimu wake ameomba aje pia, eti iko na kitu anataka kumwambia mtoto mbele ya darasa.

Mkutano wa uchaguzi ni Jumamosi ya kwanza baada ya masomo kufunguka, saa nne kamili, siyo saa nne ya Lubumbashi. Kila mmoja aje na flashi tupu. Na yule aliyebaki na tableti ya chama nyumbani, mtoto wake anatuma ma like kwa jina la chama kila usiku, tunakuona, uirudishe tu hatutauliza kitu.