Faili imefunguka, lakini je, ni umbo lilelile?

Kazi yetu ni kuhamisha maumbo yaliyochorwa kwa kompyuta kutoka programu moja hadi nyingine. Mteja mmoja alitutumia umbo la bamba lenye matundu manne, kwa faili ya STL, aina mojawapo ya faili za maumbo ya 3D. Kwenye kompyuta yake lilikuwa na urefu wa inchi 10, yaani milimita 254. Kwetu likafunguka likiwa na milimita 10, dogo kama ukucha. Faili yenyewe ilikuwa nzima. Ila STL hubeba namba tupu, haisemi kama ni inchi, milimita au mita, na programu yetu ikajichukulia milimita.

Hilo ni kosa jepesi: unazidisha kwa 25.4 na kazi inaendelea. Yanayotusumbua ni yale yasiyoonekana haraka.

Ukichora kwenye SolidWorks, programu ya kuchora maumbo ya 3D, faili yako huhifadhi hatua: chora duara, liinue, toboa, viringa kingo. Unaziona zote zimepangwa pembeni ya skrini, na ukibadilisha kipenyo cha tundu, umbo zima linajirekebisha. FreeCAD, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, haizielewi hatua hizo, maana ina injini yake nyingine ya kujenga maumbo. Kwa hiyo unahifadhi kwa STEP, muundo wa kiwango cha kimataifa ISO 10303 kilichoanza kutolewa mwaka 1994, na umbo linafika likiwa sahihi. Hatua hazifiki. Palipokuwa na mistari ishirini pembeni, mpokeaji anakuta mmoja tu. (Na kubadilisha jina la faili kutoka .sldprt, ya SolidWorks, kuwa .step hakusaidii kitu. Tumeshapokea za namna hiyo.)

Ndiyo sababu swali letu la kwanza huwa: unataka kuifanyia nini? Kama kipande kinakwenda kuchongwa na mashine, STEP inatosha, usimlipe mtu akujengee upya. Kama utakuja kubadilisha vipimo mara kwa mara, hapo tunakaa chini na kulijenga umbo hatua kwa hatua, na muda wake unategemea wingi wa hatua hizo.

IGES, muundo mwingine wa kuhamishia maumbo, ambao toleo lake la kwanza ni la mwaka 1980, wapo wanaoupenda. Sisi hapana. Mara nyingi huleta nyuso mojamoja badala ya kitu kizima. Kuza pale bomba linapokutana na bamba, utakuta ufa mwembamba kuliko unywele. Programu ikiuona inagoma kulihesabu umbo kuwa kitu kigumu, na hata uzito wake huupati. Tunazishona nyufa hizo, lakini kama una STEP, tupe STEP.

Kwa michoro bapa, DWG (faili ya programu ya kuchora ya AutoCAD) iliyohifadhiwa na AutoCAD mpya inaweza kukataa kufunguka kwenye programu ya zamani. Ihifadhi tena kwa toleo la nyuma, au kwa DXF, muundo wa kubadilishana michoro. Kisha tazama maandishi: fonti ikikosekana upande wa pili, Ø12 (yaani kipenyo 12) inaweza kusomeka ?12, na fundi akianza kubahatisha, chuma kimeshaharibika.

Tunaomba pia PDF ya mchoro uleule. Kabla hatujagusa kitu, tunapima urefu mmoja na kipenyo kimoja kwenye tulichofungua, tunalinganisha na PDF, na visipolingana tunakupigia simu.